Mtakatifu Teresia wa Avila na Nyumba Isiyo na Sanduku

Katika nchi ya Hispania, huko Ulaya, upo mji uitwao Avila, uliojengwa mahali pa juu penye baridi kali, nao umezungukwa na ukuta mrefu wa mawe. Katika mji huo alizaliwa Teresia, tarehe 28 Machi 1515. Baba yake, Alonso, alikuwa mtu mwenye mali na heshima. Mama yake, Beatriz, alifariki Teresia akiwa bado msichana mdogo. Wasomaji wasimchanganye na Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu, yule ambaye picha yake ina maua ya waridi. Huyo alizaliwa Ufaransa mwaka 1873, naye ni msimamizi wa misioni zote. Wote wawili walikuwa Wakarmeli, lakini huyu wa Avila ndiye mama, na yule wa Ufaransa ni binti yake katika roho.

Wengi wamekwisha kusikia jinsi Teresia alivyotoroka nyumbani pamoja na kaka yake Rodrigo, wote wakiwa watoto, wakitaka kwenda nchi ya Waislamu ili wauawe kwa ajili ya Kristu, na jinsi baba yao mdogo alivyowakuta njiani akawarudisha. Hadithi hiyo ni nzuri, lakini watoto hupenda mambo makubwa, na kazi ya Teresia ilikuwa ingali mbali.

Alipokuwa na umri wa miaka 20, tarehe 2 Novemba 1535, aliingia monasteri ya Wakarmeli iliyokuwa nje ya ukuta wa mji, jina lake Encarnación, maana yake Umwilisho. Baba yake hakutaka, kwa hiyo Teresia aliondoka nyumbani kwa siri. Baadaye aliugua vibaya. Mwaka 1539 alilala karibu siku nne kama maiti, hata kaburi lake likachimbwa. Akafumbua macho, lakini viungo vyake vilikuwa vimepooza, ikapita karibu miaka mitatu kabla hajaweza kutembea vizuri.

Basi, yafaa kueleza ile nyumba ya Encarnación ilivyokuwa, kwa maana hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Haikuwa nyumba ya watu wabaya. Wengi wa watawa wake walimpenda Mungu kwa kweli. Ila ilikuwa imejaa. Kuna wakati watawa walifika karibu 180. Binti za matajiri walikuwa na vyumba vyao wenyewe, pamoja na watumishi na hata jamaa zao, nao waliitwa kwa majina ya ukubwa kama walivyoitwa kwao. Binti za maskini walilala pamoja katika ukumbi mmoja. Chakula hakikutosha wote, kwa hiyo watawa waliruhusiwa kwenda kukaa kwa jamaa zao muda mrefu. Tena kilikuwako chumba cha wageni, ambamo watu wa mjini walikuja kuongea na watawa mchana kutwa, wakileta zawadi na habari za mji.

Teresia naye alikuwa na chumba kizuri chenye sehemu ya juu na ya chini, na binti za ndugu zake waliishi humo pamoja naye. Alikuwa mcheshi, mwenye maneno matamu, na kila mgeni alitaka kuketi naye. Alipoingia kusali, mambo yote ya chumba cha wageni yaliingia pamoja naye. Yeye mwenyewe aliandika baadaye, bila kujificha, kwamba mara nyingi alipokuwa katika sala alisikiliza tu kama saa inagonga, maana alitamani muda uishe aondoke. Ikafika hata akaiacha kabisa sala ya moyo kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, akisema moyoni kwamba hastahili kusema na Mungu mtu aliye kama yeye. Kumbe hapo ndipo alipokuwa karibu kupotea. Wala hakuua mtu, wala hakuiba. Alikuwa na vitu vingi na watu wengi, na kila kimoja kilimvuta upande wake. Vita hiyo ilidumu karibu miaka 20.

Mwaka 1554, alipokuwa na umri wa miaka 39, aliingia siku moja katika chumba cha kusalia akaona sanamu ya Bwana wetu Yezu Kristu mwenye majeraha, iliyoletwa na kuwekwa pale kwa ajili ya sikukuu. Ilikuwa sanamu tu. Lakini Teresia alipoitazama alianguka chini, akalia machozi mengi, akaomba asiondoke pale mpaka apewe nguvu ya kubadilika. Tangu siku hiyo alianza kubadilika kweli.

Hata hivyo nyumba ilibaki ile ile, na watu walikuwa wengi vile vile. Jioni moja ya mwaka 1560 marafiki wachache walikuwa wamekaa chumbani mwake wakizungumza habari za watawa wa kale waliokaa jangwani. Binti wa jamaa yake, jina lake María de Ocampo, msichana aliyependa sana nguo nzuri, akasema kama kwa mchezo kwamba wao pia wangeweza kufanya nyumba ndogo ya namna hiyo. Akaahidi kutoa fedha, dukati 1000. Wote wakacheka kidogo. Lakini neno lile lilibaki ndani ya moyo wa Teresia.

Wakati ule alipata msaada wa padri mtakatifu wa shirika la Fransisko, Petro wa Alcántara. Alikuwa mtu wa ajabu. Chumba chake kilikuwa kifupi hata hakuweza kunyosha miguu, akalala ameketi, kichwa chake kikiegemea kipande cha mti kilichopigiliwa ukutani. Wakati wa baridi alifungua mlango na dirisha, kisha akavifunga, ili mwili ufurahie ile joto kidogo. Teresia alimheshimu mno, lakini yeye hakuwaagiza binti zake kulala wameketi. Alikuwa mwanamke mwenye akili za nyumbani, akajua kwamba mwenye kazi lazima apate usingizi.

Nyumba ilinunuliwa mjini Avila kwa siri. Dada yake Juana na mume wake walihamia humo kana kwamba ni yao, na kaka yake Lorenzo akatuma fedha kutoka Marekani ya Kusini. Ilikuwa ndogo sana. Teresia alihangaika akitafuta namna ya kuipanua, mpaka alipoelewa katika sala kwamba Bwana anamtaka aingie vile ilivyo, asingojee. Tarehe 24 Agosti 1562, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomeo, kengele ndogo ililia, Misa ikasomwa, na wasichana wanne maskini wakavikwa kanzu nzito. Nyumba ikapewa jina la Mtakatifu Yosefu.

Mji ukachafuka. Siku ile ile Mama Mkubwa wa Encarnación alimwita Teresia arudi kwake atoe maneno yake. Wakubwa wa mji wakakutana wakitaka nyumba ivunjwe, kwa sababu watawa wale hawakuwa na mali ya kuwalisha, nao wangekuwa mzigo kwa mji. Katika mkutano ule padri mmoja wa shirika la Dominiko, Domingo Báñez, alisimama peke yake kuwatetea. Ikawa kesi, kesi ikawa ndefu. Siku ile ya kwanza Teresia aliona giza moyoni, akajiuliza kama labda kazi yote ilikuwa ya kiburi chake mwenyewe. Miezi ikapita kabla hajapata ruhusa ya kwenda kukaa na binti zake.

Alipoingia, aliipanga nyumba. Kwanza aliondoa majina ya ukubwa. Binti wa tajiri na binti wa maskini wakaitwa sista tu, na Teresia mwenyewe akaacha jina la ukoo wake, akaitwa Teresia wa Yezu. Idadi ya masista ikawa 13, baadaye 21, isizidi. Kisha aliandika kanuni, na katika kanuni hizo yamo mambo ambayo mtu asingetazamia kuyakuta katika kitabu cha sala. Hakuna sista atakayekuwa na sanduku lake, wala kijisanduku, wala kabati. Nyumbani hakutakuwa na kioo cha kujitazamia. Nywele zikatwe, ili muda usipotee katika kuzichana. Kitanda ni godoro la majani makavu. Kila sista akae katika chumba chake akifanya kazi, asikae katika ukumbi mkubwa wa kazi, maana wengi wakikusanyika maneno huanza. Na Mama Mkubwa akiona sista mmoja amekipenda mno kitu fulani, kiwe kitabu au hata chumba chenyewe, amwondolee kitu hicho.

Neno hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kitabu cha sala ni kitu chema, na chumba cha kusalia vilevile. Teresia hakusema kwamba ni vibaya. Alijua kutoka moyo wake mwenyewe kwamba mtu aweza kuacha shamba na ng'ombe, kisha akashikwa na kisu kidogo au picha moja.

Na kuhusu kufagia: zamu ya ufagio iandikwe, nayo ianze kwa Mama Mkubwa. Teresia aliishika kanuni hiyo. Alipofika zamu yake ya jikoni alipika vizuri, akawafundisha masista kwamba wakitumwa jikoni wasihuzunike kuiacha kanisa, kwa sababu Bwana yuko nao hata katikati ya vyungu. Kila siku walikuwa na saa mbili za sala ya kimya, moja asubuhi na moja jioni. Chumba chake hakikuwa na meza wala kiti. Aliandika vitabu vyake ameketi chini karibu na dirisha. Masista wa Avila wanasimulia pia kwamba mwanzoni waliogopa sana chawa katika zile kanzu nzito za sufu. Wakafanya maandamano usiku wakiimba na kumwomba Mungu awaondolee wadudu hao wanaosumbua sala, na Mama akatunga wimbo wa kuitikia. Husimuliwa kwamba tangu hapo chawa hawakuonekana. Teresia hakuona uchafu kuwa ni utakatifu.

Miaka kama mitano aliishi humo, akasema baadaye kwamba hakupata utulivu mwingine kama ule maishani mwake. Halafu akapewa ruhusa ya kufungua nyumba nyingine, naye akaanza kusafiri katika magari ya kukokotwa na nyumbu, katika jua, mvua na tope. Alipofariki, nyumba za masista zilizokuwa zimefunguliwa zilikuwa 17. Karibu kila nyumba ilianza kwa ufagio.

Mjini Medina walifika usiku wa manane, tarehe 14 Agosti 1567, wakapita kwa miguu wamebeba vitu vya Misa, na barabarani watu walikuwa wakiwaingiza mafahali wa mchezo wa sikukuu ya kesho. Nyumba waliyopewa ilikuwa imeanguka kuta. Alfajiri ilikuwa karibu. Wanaume wakatundika vitambaa vya kuazima, wakatafuta misumari ya zamani ukutani kwa kuwa hawakuwa na misumari, nao masista wakasafisha udongo chini. Kulipopambazuka Misa ikasomwa. Ndipo Teresia alipotazama kwa mwanga wa mchana akaona kwamba ukuta umebomoka, na Sakramenti Takatifu imekaa karibu sawa na barabarani. Akaogopa sana. Akaweka walinzi, na usiku aliamka mwenyewe kutazama dirishani kwa mwanga wa mwezi.

Mjini Toledo, mwaka 1569, alikuwa na dukati tatu au nne tu. Akanunua picha mbili za altare, magodoro mawili ya majani makavu, na blanketi moja. Basi. Nyumba yenyewe alitafutiwa na mwanafunzi mmoja fukara, Andrada, baada ya matajiri kushindwa kuipata. Usiku baridi iliwatesa, nao walikuwa na blanketi lile moja na nguo zao. Hawakuwa na kijiti cha kuni cha kukaangia dagaa mmoja. Hata hivyo masista hao walijaa furaha, wakasali vizuri kuliko siku zote. Muda si mrefu watu wa mji walipata habari, wakawaletea vitu, vikawa vingi kupita haja. Teresia aliwaona binti zake wamekaa kimya na huzuni. Alipouliza sababu, walijibu kwamba umaskini wao umeondoka. Naye alijiona kama mtu aliyeibiwa dhahabu yake.

Mwaka 1570 huko Salamanca alipata nyumba iliyokuwa imekaliwa na wanafunzi, nayo ilikuwa chafu sana, hata kazi ya kuisafisha ikachukua usiku. Ilikuwa kesha ya Watakatifu Wote. Siku ya pili usiku Teresia na sista mmoja mwenye umri walijifungia katika chumba chenye majani makavu. Hayo ndiyo aliyoyapeleka kwanza katika kila nyumba, kwa maana penye majani pana kitanda. Sista yule aliogopa kwamba mwanafunzi mmoja amejificha mahali fulani ndani ya nyumba. Kengele za marehemu zikalia mjini, naye akauliza Mama atafanya nini kama yeye akifa pale usiku. Teresia akajibu kwamba likitokea atalifikiri. Kwa sasa amwache alale.

Mapadri pia walimfuata, akiwamo Yohane wa Msalaba. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa Duruelo, kijiji kidogo. Teresia alipoiona mara ya kwanza, mwaka 1568, ilikuwa chafu hata akaenda kulala kanisani. Lakini aliitazama kwa jicho la mwenye kupanga: baraza iwe kanisa, dari ya majani iwe mahali pa kusalia, na chumba kimoja kiwe cha kulalia. Padri Antonio, aliyekuwa mtu mzima mwenye heshima kubwa, alipokuja kumwambia kwamba amekusanya vitu vya lazima, ilionekana amepata saa tano za kuhesabia muda. Hakuwa na kitu cha kulalia. Teresia alicheka sana. Mwaka uliofuata alipita tena huko asubuhi, akamkuta Padri Antonio yule yule anafagia mbele ya mlango wa kanisa. Akamtania akimwuliza heshima yake imekwenda wapi, naye akajibu kwamba anailaani siku aliyokuwa nayo. Ndani palikuwa na msalaba mdogo wa vijiti, umebandikwa picha ya Kristu ya karatasi, na Teresia alisema ulimgusa moyo kuliko kama ungalikuwa wa kazi ya fundi bora. Theluji, yaani ile mvua ya baridi inayoanguka nyeupe kama pamba, iliingia kwa juu ikawaangukia wakisali, nao hawakutambua.

Nyumba moja tu aliiacha. Huko Pastrana mwanamke mmoja mkubwa, Princesa de Éboli, aliwajengea masista monasteri. Mume wake alipofariki mwaka 1573, alivaa kanzu ya utawa kwa ghafula, akaja kuishi nao pamoja na watumishi wake, akataka atumikiwe na apokee wageni apendavyo. Encarnación ilikuwa imewafuata kwa gari la farasi. Masista walivumilia, kisha mwaka 1574 Teresia akawaamuru waondoke. Walitoka usiku, wakichukua vitanda na vitu vidogo walivyokuja navyo, wakaviacha vyote alivyowapa yule mkubwa, wakaenda Segovia.

Mwaka 1577, akiwa mgonjwa na mwenye kazi nyingi, aliamriwa aandike juu ya sala. Alianza tarehe 2 Juni huko Toledo, akamaliza tarehe 29 Novemba huko Avila. Akaifananisha roho ya mtu na ngome ya kioo safi yenye vyumba vingi, na katika chumba cha katikati anakaa Mfalme. Mlango wa kuingilia ni sala. Lakini watu wengi hukaa uani miaka yote, wala hawajui ndani kuna nini. Na anayeingia chumba cha kwanza huingia na nyoka na wadudu wa huko nje, nao hufunika macho yake asione mwanga. Mwanamke aliyefagia nyumba nyingi hivi alijua anachokisema. Kwa ajili ya mafundisho hayo Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, mwaka 1970, mwanamke wa kwanza kupewa jina hilo. Alikuwa mtakatifu rasmi tangu mwaka 1622.

Mwaka 1582 alikuwa akitoka Burgos, akitamani kurudi Avila. Akaamriwa apite Alba de Tormes. Alifika hoi kwa ugonjwa, na njiani hawakupata chakula cha kumpa ila tini chache. Baada ya siku chache hakuweza kuinuka tena. Sista Ana wa Mtakatifu Bartolomeo, aliyekuwa akimwuguza, alimvua nguo za ugonjwa siku ya kufa kwake akamvika safi zote, kilemba na mikono. Mama hakuweza kusema tena. Alijitazama alivyo safi, akatabasamu, akamshukuru kwa ishara ya mkono. Usiku ule, tarehe 4 Oktoba, alifariki kichwa chake kikiwa mikononi mwa Ana. Mwaka huo Papa Gregori XIII alikuwa amesahihisha kalenda, zikarukwa siku kumi. Kwa hiyo kesho yake, siku ya maziko, ilihesabiwa tarehe 15 Oktoba, na ndiyo siku Kanisa linaposherehekea sikukuu yake.